Gari la dizeli kwa mafuta ya alizeti na ya chipsi: mwongozo kamili kwa walio Dodoma na Singida

Mafuta ya mimea yanawaka kwenye injini ya dizeli, hilo halina mjadala. Mwaka 1900, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hata hawakujua. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani, hajui. Lakini anayekuambia "mimina tu, ndugu yangu, gari linatembea" anakutafutia hasara. Litatembea kweli, wiki kadhaa, pengine miezi. Baada ya hapo nozeli zinaanza kuziba, ringi zinagandia kwenye pistoni, na siku fundi anafungua nati ya kumwaga oili, inatoka nzito kama uji.

Chanzo ni uzito wa mafuta yenyewe, yaani ugumu wake wa kutiririka. Kwenye joto la kawaida, mafuta ya alizeti ni mazito kuliko dizeli takriban mara kumi. Pampu na nozeli zimetengenezwa zirushe ukungu laini; zikipewa mafuta mazito zinarusha matone, matone hayaungui yote, na yasiyoungua yanateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Dawa ni mbili: ama uyapashe moto yawe mepesi kabla hayajafika kwenye pampu, ama uyabadilishe kikemia yawe biodizeli. Mimi napendekeza hii ya pili, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu. Ya kwanza nitaigusa baadaye.

Anza na kalamu na karatasi

Watu wengi wa huku wakisikia habari hii wanawaza mapipa ya alizeti mbichi ya Kibaigwa, Manyoni au Iramba. Piga hesabu kwanza. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; chukua bei ya dizeli ya Dodoma, iweke pembeni ya bei ya lita moja ya alizeti iliyochujwa pale mashineni. Kwa miaka ya karibuni alizeti imekuwa ghali zaidi. Kuiunguza kwenye gari ni kuunguza chakula kwa hasara, hata ukiwa umelima mwenyewe, maana ungeiuza na kununua dizeli ungebaki na chenji.

Hesabu inakaa vizuri ukitumia mafuta yaliyokwisha kukaangia: ya mabanda ya chipsi, ya mahoteli, ya wapishi wa shughuli. Hayo mwenyewe anatakiwa kuyamwaga, na akiyarudisha kwenye karai anawadhuru wateja wake. Ongeza gharama ya methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu), ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), maana hizo mbili ndizo zinazogeuza mafuta kuwa biodizeli, kisha kuni au gesi, filta za ziada na muda wako. Ukikuta methanoli peke yake inakula faida yote, acha. Kumbuka pia kwamba lita ya biodizeli ina nguvu pungufu ya lita ya dizeli kwa takriban asilimia 8, kwa hiyo gari litakunywa zaidi kidogo.

Gari gani linafaa

Fungua boneti usome namba ya injini. Injini za zamani zenye pampu ya kimakanika na chumba kidogo cha kuwashia mafuta kabla hayajaingia kwenye silinda zinavumilia: Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, Hiace na Hilux za 2L, 3L na 5L, Nissan Patrol ya TD42. Hizi ndizo za kuanzia.

Injini za komoni reli (zile za kisasa zenye presha kubwa ya mafuta na nozeli zinazoendeshwa na kompyuta), kama 1KD, 2KD, 1GD au 1VD ya Land Cruiser V8, ziachie dizeli ya kituoni. Nozeli moja ya hizo ni pesa nyingi, na zikidhurika mara nyingi zinakwenda zote. Kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, usiliguse kabisa: wakati wa kulisafisha chujio hilo mafuta hurushwa kwa makusudi yakiwa yamechelewa, dizeli ikiingia kwenye oili huvukizwa na joto, biodizeli hubaki humo humo.

Mashine za kusaga za aina ya Lister zinazozunguka taratibu vijijini ni habari nyingine. Hizo ni ngumu na zinameza mengi. Ukiwa nayo, jifunzie kwenye hiyo kabla ya gari.

Kuyapata mafuta, na kujua ni ya nini

Ongea na watu wachache wanaokaanga sana badala ya wengi wanaokaanga kidogo. Wape madumu safi yenye mifuniko, lipa papo kwa papo, pita siku ile ile kila wiki. Swali la muhimu kuliko yote liulize mapema: "Mama, shikamoo. Haya mafuta unayokaangia ni ya alizeti au ya mawese?" Akikujibu "ni yale ya dumu la njano tu, mwanangu," omba uone lebo.

Hili lina uzito Dodoma kuliko Dar es Salaam. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka mpaka nyuzi 13 hivi, siku nyingine chini ya hapo. Biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16. Maana yake asubuhi ya Julai filta imejaa kitu kama mafuta ya mgando na gari halikubali kuwaka. Biodizeli ya alizeti hustahimili mpaka karibu na nyuzi sifuri. Usitegemee lebo peke yake: jaza chupa ya nusu lita biodizeli uliyotengeneza, iache nje ya dirisha usiku kucha, itazame alfajiri. Ikiwa na mawingu mawingu, iweke akiba ya Oktoba, au ichanganye kidogo sana kwenye dizeli.

Alizeti nayo ina lake. Ni mafuta yanayokauka: yakikaa kwenye hewa na joto hugeuka utando wa kunata, kama unavyoona kwenye shingo ya chupa ya mafuta jikoni. Ndiyo maana kiwango cha biodizeli cha Ulaya, EN 14214, kinaweka kikomo kwa tabia hiyo, kikomo ambacho alizeti tupu kwa kawaida hukivuka. Kiwango hicho ni cha Ulaya, lakini sababu yake ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nishauri mchanganyiko badala ya biodizeli tupu.

Kutoa takataka na maji

Chuja kwa kitambaa, kisha acha mafuta yatulie kwenye pipa siku kadhaa. Pipa lililopakwa rangi nyeusi na kuwekwa kwenye jua la Dodoma hufanya nusu ya kazi bure. Chota juu, acha chini.

Maji ni adui namba moja, kwa sababu yakikutana na kostiki na mafuta hutengeneza sabuni. Pima hivi: pasha kikaango kikavu, dondoshea kijiko cha mafuta. Yakikaa kimya, ni makavu. Yakitatarika, pasha mafuta yote polepole mpaka kupita nyuzi 100 kidogo na uyashikilie hapo hadi viputo viishe. Pipa lisijae zaidi ya nusu, maana maji yaliyojificha chini yakichemka ghafla hurusha mafuta nje. Baadaye yaache yapoe yenyewe.

Kupima uchachu kwa manjano

Hatua hii watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba wamepata ndoo ya sabuni. Mafuta yaliyokaangia sana yana asidi, na asidi hiyo inakula sehemu ya kostiki yako kabla kazi haijaanza. Lazima ujue itakula kiasi gani.

Unahitaji mzani wa kupima gramu, bomba la sindano la mililita 10 na jingine la mililita 1, alkoholi ya isopropili ya maabara (si sanitaiza ya mkononi, hiyo ina maji na jeli) na manjano ya unga, yale ya jikoni. Loweka kijiko cha manjano kwenye alkoholi kidogo, acha itulie, tumia maji yake ya juu. Kisha yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi.

Weka mililita 10 za alkoholi kwenye kikombe cha kioo na matone machache ya manjano. Dondoshea maji ya kostiki tone moja moja mpaka rangi ya njano ianze kuelekea wekundu. Hapo umeondoa asidi ya alkoholi yenyewe na hesabu inaanza sifuri. Sasa weka mililita 1 kamili ya mafuta yako. Rangi itarudi njano. Jaza bomba la sindano maji ya kostiki, dondosha huku ukitikisa kikombe. Kila tone litawasha wekundu unaopotea. Utafika mahali wekundu unakawia, unakawia zaidi, kisha unabaki hata ukihesabu mpaka ishirini. Simama. Soma bomba: kila mililita uliyotumia ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta.

Chini ya 3 ni mafuta mazuri. Kati ya 3 na 5 yanafanyika ila utapoteza mengi kwenye sabuni. Zaidi ya hapo, mpe mtengeneza sabuni, yeye atayafurahia. Rudia kipimo mara mbili au tatu. Majibu yasipokaribiana, kuna kitu hukukichanganya vizuri.

Kupika

Kanuni ya lita moja: methanoli mililita 200 hadi 220, na kostiki gramu 3.5, kisha uongeze juu yake ile namba ya kipimo. Tuseme una lita 20 na kipimo kimetoa 2. Kostiki ni 3.5 na 2, jumla 5.5, mara 20: gramu 110. Methanoli ni lita 4 hadi 4.4. Kwa mara ya kwanza usianze na lita 20. Anza na lita moja kwenye chupa imara, uone.

Kabla ya kufungua dumu la methanoli, soma aya hii mara mbili. Methanoli ni sumu. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu, na zaidi kidogo zinaua. Inanuka kama pombe na huko nyuma imewapoteza watu waliochanganyiwa kwenye vinywaji. Hupenya kwenye ngozi, mvuke wake hulewesha na kudhuru, na moto wake mchana hauonekani kwa macho. Fanyia kazi nje, upepo ukupige mgongoni. Vaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho, nguo za mikono mirefu. Usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Andika SUMU kwa herufi kubwa, funga kwa kufuli. Mtu akiinywa hata kidogo, mkimbize hospitali hapo hapo, usisubiri dalili, maana huchelewa kujitokeza. Na kostiki ikikurukia, mwagia maji mengi dakika 15 bila kukoma. Uwe na ndoo iliyojaa jirani kabla hujaanza.

Lingine linalosahaulika: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Tumia pipa la chuma au chuma cha pua, na dumu zito la plastiki lenye namba 2 ndani ya pembetatu.

Mimina methanoli kwenye dumu hilo, kisha tia kostiki kidogo kidogo. Kostiki ndiyo inayoifuata methanoli, si kinyume chake. Funga, zungusha taratibu, legeza kifuniko kutoa presha, rudia mpaka chembe zote ziyeyuke. Dumu litapata moto, ni kawaida. Kostiki ya gunia iliyokaa wazi hunyonya unyevu na kupungua nguvu, kwa hiyo nunua kidogo na uifunge.

Pasha mafuta mpaka nyuzi 55. Zima moto kabisa, hamishia mafuta mbali na jiko, ndipo umimine mchanganyiko. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, na huku juu chini kidogo ya hapo, kwa hiyo usizidishe. Koroga saa nzima pipa likiwa limefunikwa, mti wa kukorogea ukipita kwenye tundu la kifuniko. Usitumie drili ya umeme: ndani yake kuna cheche, na juu ya pipa kuna mvuke.

Funika, acha mpaka kesho. Utakuta tabaka mbili, biodizeli ya rangi ya chai juu, gliserini nyeusi nzito chini. Ifungulie gliserini kupitia bomba la chini.

Sasa jaribu kama imeiva: chukua mililita 3 za biodizeli, tia kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa, acha nusu saa. Ikiyeyuka yote na kubaki angavu, imeiva. Mafuta yakizama chini kama tone, hayajabadilika yote. Rudisha ukapike tena kwa methanoli na kostiki kidogo. Biodizeli isiyopita kipimo hiki isiguse gari.

Kuosha na kukausha

Biodizeli mbichi ina sabuni, kostiki na methanoli. Ioshe kwa maji vuguvugu, theluthi moja ya ujazo wake. Mara ya kwanza nyunyizia tu kwa kopo lenye matundu, usitikise hata kidogo, maana ukitikisa utapata maziwa yasiyotengana siku mbili. Maji yatateremka yakiwa meupe. Yatoe, rudia, safari hii ukikoroga kwa upole. Mara ya tatu au ya nne maji yatashuka karibu masafi, na hapo umemaliza. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chumvi ikikutana na sabuni huacha utando mchafu. Ukiwa na akiba ya maji ya mvua, hii ndiyo kazi yake.

Kisha ikaushe: imwage kwenye chombo kipana cha chuma juani, funika kwa wavu, mpaka uweze kusoma gazeti ukitazama kupitia chupa yake. Ukungu maana yake bado kuna maji.

Maji ya kuoshea na gliserini usivimwage karibu na kisima wala mahali mbuzi wanapopita. Gliserini hiyo bado ina methanoli, kwa hiyo si ya sabuni ya kuogea wala ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, hata mtu akikusifia vipi.

Kuiingiza kwenye gari

Chuja mara ya mwisho kwa chujio la maikroni 5. Anza na sehemu moja ya biodizeli kwa nne za dizeli. Kwa injini nilizozitaja mimi ningebaki hapo hapo, asilimia 20, hasa kwa alizeti. Faida ya kupanda zaidi ni ndogo, na kila shida niliyoitaja juu inakua.

Biodizeli husafisha. Uchafu wa miaka kumi kwenye kuta za tenki utang'oka na kukimbilia kwenye filta, kwa hiyo badilisha filta baada ya tenki la kwanza na uwe na nyingine mbili garini. Mipira ya zamani ya paipu za mafuta hulainika na kuvuja. Mwambie fundi aweke ya Viton (mpira wa viwandani unaostahimili mafuta), hasa kwenye paipu za marejesho juu ya nozeli. Badilisha oili ya injini kwa nusu ya kilomita ulizozoea, na kila Jumamosi chomoa dipstiki. Oili ikiwa imepanda badala ya kushuka, mafuta yanaingia humo: imwage siku hiyo hiyo. Ukimwagikia biodizeli kwenye rangi ya gari, ifute mara moja, huibandua.

Usiihifadhi zaidi ya miezi mitatu. Jaza chombo mpaka juu kisibaki na hewa, kiweke kivulini. Ikianza kunuka kama vanishi, ni ya kuwashia kuni.

Kwa anayetaka mafuta bila kuyapika

Inawezekana kwa matenki mawili. Gari linawashwa kwa dizeli, maji ya moto ya rejeta yanapitishwa kwenye tenki na filta ya pili mpaka mafuta yafike nyuzi 70 au zaidi, ndipo vali inageuzwa. Dakika kadhaa kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zilale safi. Kwa anayetoka Dodoma kwenda Singida bila kusimama, mfumo huu una maana. Kwa anayezunguka Majengo, Area D na Chang'ombe, injini inazimwa kabla mafuta hayajapata moto, na dizeli ndiyo atakayoitumia karibu muda wote. Mafuta yenyewe lazima yawe yamechujwa na kukaushwa vile vile. Yale ya moja kwa moja kutoka mashineni yana ute ambao huungua na kuacha makaa kwenye nozeli.

Vibali

Kabla ya kununua methanoli, nenda ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ukaulize unachotakiwa kusajili. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake tangu 2003. Kuitumia biodizeli kwenye gari lako ni jambo moja, kumuuzia jirani ni jingine: hapo unaingia kwenye biashara ya nishati, na EWURA na TBS, shirika la viwango, wana la kusema.

Gari likikukorofisha njiani

Mara nyingi itakuwa mlimani, pale injini inapohitaji mafuta mengi. Ukiona linapoteza nguvu kidogo kidogo huku likiwa sawa kwenye tambarare, filta imeziba. Egesha, badilisha, pampu kwa kiganja kile kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu, washa. Likikataa, kuna hewa: legeza nati za paipu za nozeli moja moja, mwenzako apige stata, ukikaa pembeni maana mafuta hutoka kwa presha ya kutoboa ngozi, na uzikaze mara tu mafuta yanapotoka bila viputo. Likiwaka na kuendelea kutoa moshi mweupe wenye harufu ya chipsi hata baada ya kupata moto, jaza dizeli tupu kituo kinachofuata, kisha umpelekee fundi akapime nozeli.